Kijibwa si Kitu cha Kuchezea

Mtoto amekiona kijibwa cheupe chenye manyoya marefu kwa rafiki yake, na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki. "Mama, na sisi tununue!" Baba anacheka na kusema, "Muulize mama yako." Basi uamuzi unabaki kwako, na kazi pia itabaki kwako. Ndiyo maana, mama mpendwa, ni vizuri uyajue mambo fulani kabla hujatoa fedha.

Wengi wetu tumekua na mbwa nyumbani. Lakini mbwa yule alikuwa mlinzi. Alilala nje, alikula ugali na makombo, akapata majeraha na kupona mwenyewe. Ukimtunza kijibwa namna hiyo, huenda asimalize hata wiki moja.

Ni mbwa wa namna gani?

Wanaojulikana zaidi ni Chihuahua, aliyepewa jina la jimbo moja la Meksiko, pamoja na Maltese, Pomeranian na Yorkshire Terrier. Wakishakua, wengi wao huwa na uzito wa kilo 2 hadi 4, yaani kama mtoto mchanga tu. Akitunzwa vizuri, mbwa wa aina hii anaweza kuishi miaka 12 hadi 15 au zaidi. Mwanao aliye darasa la kwanza leo anaweza kumaliza sekondari mbwa huyo angali hai.

Kwa hiyo kaeni baba na mama, mjiulize: Nani atamlisha saa sita mchana sisi tukiwa kazini? Mwenye nyumba ameruhusu? Majirani tunaotumia nao ua mmoja watasemaje, hasa wale ambao kwa imani yao hawapendi kuguswa na mbwa? Fedha za chanjo na matibabu zitatoka wapi kila mwaka?

Unapokwenda kununua

Usinunue kwa picha ya simu. Wako watu waliotuma fedha za kijibwa ambacho hakikuwapo. Nenda mwenyewe, mchana, umwone mtoto wa mbwa akiwa na mama yake mahali alipozaliwa. Mama akiwa mkali kupita kiasi, au mgonjwa na mchafu, ondoka.

Umri ni jambo kubwa. Asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8, na kwa mbwa hawa wadogo wafugaji waangalifu hungoja mpaka wiki 10 au 12. Muuzaji anayekuhimiza umchukue wa wiki 5 "kwa sababu anapendeza akiwa mdogo" hafikirii uhai wake.

Mtazame vizuri. Macho yawe maangavu, pua isitoe kamasi, na nyuma pasiwe na dalili za kuhara. Tumbo lililojaa kama ngoma huku mbavu zikionekana mara nyingi ni minyoo. Dai kadi ya chanjo yenye tarehe na sahihi ya daktari wa mifugo. Usidanganywe pia na bei kubwa ya "mbwa anayeenea kikombeni." Hiyo si jamii ya pekee. Mara nyingi ni mtoto aliyezaliwa dhaifu, au aliyenyimwa chakula asikue.

Njaa ya saa chache

Hapa ndipo wengi wanapompoteza mbwa wao. Mwili mdogo hauna akiba. Mtoto wa mbwa mkubwa akikosa mlo mmoja atalia tu, lakini kijibwa kikikaa saa nyingi bila kula, sukari ya damu hushuka na kinaweza kufa siku hiyohiyo. Ugeni wa nyumba, baridi, kuhara, hata kuchezewa na watoto kutwa nzima bila kupumzika huongeza hatari hiyo.

Mpaka afikie miezi mitatu au minne, mlishe kidogo kidogo mara nne kwa siku, na mlo wa mwisho uwe kabla ya kulala. Muulize muuzaji alikuwa akila nini, umpe chakula hichohicho kwa siku za mwanzo. Ukitaka kukibadilisha, changanya polepole kwa muda wa wiki moja. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi, kwa hiyo maji safi yanatosha.

Dalili za hatari ni hizi: analegea, anayumba akitembea, anatetemeka, anasinzia hovyo au anashikwa na degedege. Usingoje kesho. Mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi, mfunike apate joto, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo. Ikiwa amezimia, usimmiminie kitu mdomoni, maana kitaingia mapafuni. Mfundishe pia msichana wa kazi mambo haya, kwa kuwa huenda ni yeye atakayekuwa naye.

Usimlaze kwenye saruji. Sanduku la karatasi ngumu lenye blanketi kuukuu, mbali na upepo wa mlangoni, linafaa kabisa, hasa miezi ya Juni na Julai kwa sisi tunaokaa nyanda za juu.

Vya mezani

Chakula cha jamaa kinaweza kuwa sumu kwake. Pilau tuipendayo ina vitunguu, na wengine hutia zabibu kavu. Vyote viwili humdhuru mbwa. Chokoleti pia, na peremende au ubani usio na sukari wenye zailitoli. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kumchoma matumboni. Na usimpe panado au dawa nyingine ya maumivu ya binadamu. Kipimo kinachoonekana kidogo kwako ni kikubwa mno kwa mwili wa kilo mbili.

Chanjo: usalama wa mbwa na wa watoto

Ugonjwa wa pavo huwaua watoto wa mbwa kwa kuwaharisha damu na kuwatapisha, na vijidudu vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8, na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Kabla hajamaliza, usimwachie njiani wapitapo mbwa wengine. Dawa ya minyoo hutolewa kila wiki mbili mpaka wiki ya 12, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Baadhi ya minyoo hiyo huambukiza watoto wetu, kwa hiyo wanawe mikono baada ya kucheza naye.

Afikishapo miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kama daktari atakavyoelekeza. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 hivi kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mate ya kijibwa kilichoambukizwa yana hatari ileile. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Watoto na kijibwa

Mifupa ya miguu yake ni myembamba. Akianguka kutoka kwenye kochi au mikononi mwa mtoto, anaweza kuvunjika. Weka sheria: anayetaka kumpakata akae chini sakafuni kwanza. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe naye peke yake, na asiguswe akiwa anakula au amelala. Akinguruma, msimpige. Anaonya, na mbwa aliyekatazwa kuonya huuma ghafla.

Badala ya ukanda wa shingoni, mtumie mikanda ya kifuani, maana koo la mbwa hawa ni dhaifu. Mwenye manyoya marefu achanwe kila siku, na msafishe meno mara kwa mara, kwa kuwa huoza mapema. Kwa choo, mpeleke mahali pamoja kila anapoamka na kila amalizapo kula, umsifu akifanya vizuri. Kumsugua pua kwenye uchafu humfundisha kukuogopa tu.

Kama maswali ya mwanzo hamkuweza kuyajibu, mwambie mwanao "bado." Atanuna siku mbili, kisha atasahau. Kumzika mbwa aliyekufa kwa sababu hakuna aliyekuwapo kumlisha, hilo hatalisahau upesi.