Je, Wajua? Namba E Haitaji Umri wa Gari

Nenda duka la spea Gerezani, Kariakoo, ukaulizie shokapu za Toyota IST. Muuzaji hatajali kama gari lako ni namba D au namba E, yaani herufi inayofuata tarakimu kwenye kibao. Atataka namba ya chesisi. Anajua jambo ambalo wanunuzi wengi wa magari Dar es Salaam hulisahau: kibao cha namba hueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Hakisemi lilitoka kiwandani lini, wala limepita mikono mingapi.

Gari la kutoka Japani lina tarehe tatu: ya kutengenezwa, ya kusajiliwa kwao mara ya kwanza, na ya kusajiliwa kwetu. Liliposajiliwa kule na kuingia barabarani, lilishakuwa limetumika, hata kama hapa nchini hakuna aliyewahi kuliendesha. Umoja wa Ulaya, katika kodi ya VAT, huliita gari jipya likiwa halijavuka miezi 6 tangu lianze kutumika, au halijapita kilometa 6,000. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania haikatazi, ila umri una gharama yake: gari dogo la kutembelea la miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30.

Sasa tazama chesisi yenyewe. Katika IST ya toleo la kwanza namba yake huanza na NCP60, NCP61 au NCP65, kisha kistari, kisha namba ya gari hilo peke yake. Toleo hilo lilikoma kutengenezwa mwaka 2007, na namba E zilianza kutolewa zaidi ya miaka 10 baadaye. Kwa hiyo IST ya NCP60 yenye namba E ilisajiliwa hapa ikiwa imeshavuka miaka 10, hata rangi ing'ae vipi.

Mita ya kilometa inaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo isiwe shahidi pekee. Angalia raba ya pedeli ya breki: ikiwa imelika hadi kuwa laini na mita inasoma kilometa 40,000, uliza. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, usome tarehe kwenye lebo iliyoshonwa chini. Mikanda hubadilishwa mara chache sana. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa jipya kuliko gari, lakini likiwa la zamani sana kuliko gari lenyewe, kuna jambo halijasemwa.

Kabla ya kutoa hela, soma chesisi iliyogongwa kwenye bodi na uilinganishe na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Zikipishana hata tarakimu moja, usilipe mpaka uhakikishe kwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Fedha ya miaka mingi ya kujinyima haistahili kutolewa kwa sababu ya herufi moja kwenye kibao.