Siti ya Ngozi Hailishwi Mafuta

Mnunuzi wa gari lililotumika Japani, akiingia yadi ya Dar es Salaam au Mombasa na kukuta siti za ngozi zinang'aa, moyo humtulia. Fundi wa siti akiona mng'ao huohuo hushtuka. Ngozi nyingi za gari zikitoka kiwandani hazimeremeti. Mng'ao wake hufifishwa makusudi. Ikianza kumeremeta, mara nyingi ni jasho na mafuta ya miili yaliyoganda juu yake kwa miaka, au muuzaji kaipulizia dawa ya kung'arisha dashibodi asubuhi ile. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo, kipitishe kwenye siti ya dereva, kisha kitazame.

Wengi wakishapata gari hukimbilia kuilisha ngozi. Mmoja hupaka mafuta ya nazi, mwingine mafuta ya mgando, wa tatu dawa ya viatu. Wote wanaamini kwamba ngozi hukauka, na kikavu dawa yake mafuta. Imani hiyo haizingatii jinsi siti inavyotengenezwa. Ngozi ya ng'ombe husindikwa, mara nyingi kwa chumvi za kromiamu, na hutiwa mafuta yake humohumo kiwandani. Kisha hupakwa rangi, na juu ya rangi huwekwa tabaka jembamba la poliyurethani, yaani plastiki laini inayokunjika. Ukiketi, umekalia plastiki hiyo. Kuipaka mafuta ili yaifikie ngozi ni sawa na kumwagilia tofali maji kupitia ukuta uliopigwa rangi ya mafuta.

Isitoshe, kwenye magari mengi ngozi halisi iko pale tu unapokalia na kuegemea. Ubavuni na mgongoni mwa siti ni plastiki iliyochapwa vinyweleo ili ifanane nayo.

Kuna ngozi chache zisizo na tabaka hilo, nazo huhitaji mkono mwingine. Dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana. Tone likibaki limesimama, ngozi imefunikwa. Likinywewa na kuacha doa jeusi, ngozi iko wazi: usiiloweshe, na tafuta dawa iliyoandikwa kuwa ni ya ngozi ya aina hiyo.

Mafuta hayakai bure juu ya tabaka. Angalia kiegemeo cha kichwa cha gari ambalo mwenyewe hujipaka mafuta ya nywele, au sehemu ya kuwekea mkono panapogusana na losheni kila siku. Rangi hulainika, hunata, kisha humenyuka. Vitakasa mikono vyenye spiriti na dawa za kujipaka kuzuia mbu hufanya madhara hayohayo, na kwa haraka zaidi. Vumbi nalo hung'ang'ania palipo na mafuta. Kila unapoingia na kutoka, chembe zake husaga rangi kidogo kidogo. Ndiyo maana ukingo wa siti ya dereva, upande wa mlango, huwa wa kwanza kupasuka. Maadui wa siti, basi, ni uchafu na msuguano, wakisaidiwa na jua. Kazi ya mwenye gari ni kusafisha.

Anza kwa kufyonza vumbi, hasa kwenye mishono na chini ya mikunjo, maana mchanga ukiachwa pale utausugulia ndani wewe mwenyewe. Halafu chagua sabuni. Ngozi iliyosindikwa ina uasidi kidogo, pH yake ni kati ya 3 na 5. Sabuni ya mche na ya unga ziko upande wa pili wa kipimo, karibu na 10. Zikitumika mara kwa mara hudhoofisha tabaka, na zikipenya kwenye nyufa hukausha ngozi yenyewe. Dawa ya kuondoa madoa ya nguo, petroli na thina ya rangi zisikaribie kabisa. Nunua sabuni maalumu ya ngozi ya gari. Ukiikosa, matone machache ya shampuu laini ya watoto kwenye maji ya uvuguvugu yanatosha.

Povu litiwe kwenye brashi laini, si kwenye siti. Sugua kwa mizunguko midogo, sehemu moja baada ya nyingine, ukifuta papo hapo kwa kitambaa cha maikrofaiba kabla uchafu haujarudi kwenye vinyweleo. Rudia mpaka kitambaa kitoke safi na mng'ao uondoke. Siti zenye matundu madogo zinataka uangalifu: maji yakizama humo hulowesha sponji na nyaya za kipasha joto. Na mkiosha kwa mtindo wa kung'oa siti, waambieni vijana wa kuosha wasichezee nyaya za chini, hasa zenye plagi za njano. Kwa kawaida hizo ni za mifuko ya hewa.

Siti ikaukie kivulini, milango wazi. Sasa ndipo losheni ya ngozi inapoingia, nayo iwe ya maji, isiyoacha utelezi. Kazi yake ni kuweka ngao nyembamba inayopunguza msuguano, kuzuia rangi ya jinzi isihamie kwenye siti, na kurahisisha usafi wa mara ijayo. Paka kidogo, acha dakika chache, futa inayobaki. Kila miezi mitatu au minne inatosha. Katikati yake, kitambaa chenye unyevu kila wiki kinasaidia kuliko chupa yoyote.

Walioko pwani wana shida ya ziada, ukungu. Gari likifungwa wiki kadhaa kwenye joto na unyevu huota madoadoa meupe yenye harufu. Lifungue lipate hewa, futa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kausha, na safisha mazulia pia kwa sababu mara nyingi unyevu umejificha huko. Wa bara wenye jua kali wanunue kizuizi cha kioo cha mbele. Joto na mionzi hukakamaza tabaka la juu, na likishakakamaa hupasuka likikunjwa.

Ufa uliokwisha kutokea hauzibwi na losheni yoyote. Hiyo ni kazi ya fundi: kusafisha kwa spiriti, kupiga msasa mwepesi, kujaza kwa gundi inayokunjika, kupaka rangi ya ngozi na kufunika kwa tabaka jipya. Kabla hajaanza, mweleze kila ulichowahi kupaka. Dawa za kung'arisha zenye silikoni huzuia rangi kushika, na asipoziondoa kwanza kazi yake itabanduka. Mwombe pia ajaribu rangi chini ya siti, aisubiri ikauke, ndipo mkubaliane bei.