Tarehe za Folda Baada ya Diski Kupangwa Upya

Faili iliyohifadhiwa katika diski ya sumaku si lazima ikae mahali pamoja, kwani mfumo wa faili, yaani utaratibu unaoiwezesha kompyuta kukumbuka kipi kimewekwa wapi, huweza kuigawa vipande na kuvitia popote penye nafasi. Ndiyo sababu zikabuniwa programu za kuvikusanya, ili diski isichelewe kuvitafuta.

Mwenye kompyuta ya zamani katika wilaya ya Kasulu au Kibondo, nchini Tanzania, akiisha kuendesha programu hiyo na kukuta folda zina tarehe mpya, hudhani nyaraka zimeguswa. Mara nyingi dhana hiyo si sahihi. Mwaka 2012, wilaya ya Kakonko ilipomegwa kutoka Kibondo na Buhigwe kutoka Kasulu, jalada la masijala lingeweza kuhamishiwa kabati jingine bila barua iliyomo kubadilika tarehe. Vivyo hivyo, tangu Windows NT 4.0 ya mwaka 1996, programu ya kukusanya vipande huuomba mfumo wenyewe uhamishe data, na tarehe ya mabadiliko hubaki ilivyokuwa.

Tarehe inayoweza kuyumba ni ile ya kufunguliwa mara ya mwisho, kwa kuwa baadhi ya programu huorodhesha yaliyomo ndani ya folda kabla ya kuanza kazi, na programu ya kuzuia virusi nayo huweza kufanya hivyo. Mfumo wa NTFS, unaotumiwa na Windows, huweza kuchelewa hadi saa nzima kuiandika tarehe hiyo. FAT32, unaopatikana katika flashi nyingi, huandika siku tu, bila saa. Windows Vista ilikuja na uandishi wa tarehe hiyo katika NTFS ukiwa umezimwa.

Folda nayo ina kanuni yake: katika NTFS, tarehe yake ya mabadiliko husogea kitu kinapoongezwa, kinapofutwa au kinapobadilishwa jina, wala si kila maneno ya barua yanaporekebishwa. Tena betri ndogo ya saa ikifa, jambo la kawaida kwa mashine kuukuu, kompyuta huweza kuandika mwaka uliokwisha kupita zamani, na hapo diski inasingiziwa bure.

Tarehe kama hizo zikifikishwa mahakamani, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 huitaka mahakama ipime namna taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa. Kwa kipimo hicho, tarehe ya kufunguliwa kwa folda, ikisimama peke yake, ni ushahidi dhaifu mno wa kumtia mtu hatiani.