Kivumbasi cha Nakivale: jani la uani linalosubiri mfanyabiashara

Mwulize Mnyarwanda au Mrundi, atakuambia ni umwenya. Mganda na Mnyankole watakuambia ni mujaaja. Kwa Mtanzania ni kivumbasi. Wote wanataja mmea mmoja wa jamii ya mrehani: majani ya kijani yanayonukia karafuu yakifikichwa, na maua madogo meupe yanayojipanga kwenye ncha za matawi. Wataalamu wa mimea wanauita Ocimum gratissimum.

Majina hayo yote husikika katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Makazi hayo yalianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo yana zaidi ya watu 200,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Sokoni Kiswahili ndicho kinachowakutanisha.

Katika sehemu nyingi za Uganda kivumbasi huota penye uzio bila kuthaminiwa sana. Mtu huchuma majani machache ya chai, jirani akiomba anapewa, na yakibaki yanakauka mtini. Lakini majani hayo hayo, yakikaushwa vizuri na kufungwa katika pakiti, huuzwa madukani mijini kama chai ya mujaaja. Kwa mchuuzi anayepita Mbarara kila wiki, pengo kati ya uzio na rafu ya duka ni jambo la kulitazama kwa makini.

Kwa nini sasa

Maisha ya Nakivale yamekuwa magumu. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuzigawa familia za wakimbizi nchini Uganda katika makundi kulingana na uhitaji. Zilizoonekana kuwa na nafuu ziliondolewa kwenye mgao, nyingine zikapunguziwa. Viwanja vya kulima navyo vimekuwa vidogo kadiri watu wanavyoongezeka.

Isingiro pia iko katika ukanda wa wafugaji, ambako mvua haina uhakika. Mahindi yakikosa mvua ya wiki mbili wakati wa kutoa maua, msimu umekwisha. Kivumbasi ni mmea wa kudumu. Kikishashika mizizi huvumilia jua kuliko mahindi, huchipua tena baada ya kukatwa, na huvunwa kwa miaka kadhaa. Kinaweza kupandwa pembeni mwa kiwanja bila kuchukua nafasi ya maharage. Hakitamlisha mtu, ila kinaweza kumpa fedha ya sabuni, chumvi na daftari za watoto.

Namna ya kukipanda

Mbegu zake ni ndogo mno. Zikifukiwa chini sana hazioti. Zimwagwe juu ya udongo laini kitaluni, zifunikwe kwa vumbi jembamba la udongo, na zinyweshwe taratibu ili maji yasizisombe. Miche ikifikia urefu wa kiganja ihamishwe mvua zikianza, yaani Machi au Septemba. Njia ya haraka zaidi ni vipande vya matawi: kata tawi lisilo na maua, ondoa majani ya chini, lichomeke kwenye udongo wenye unyevu na lipate kivuli hadi lishike.

Nafasi kati ya shina na shina iwe angalau hatua moja fupi, kwa sababu mmea huu hufika kimo cha mtu na kuzidi ukiachwa. Samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza inatosha. Asipandwe karibu na ukingo wa ziwa mtu akitafuta maji ya bure: Ziwa Nakivale ni sehemu ya ardhioevu iliyoorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar tangu 2006, na kulima hadi majini huleta matope ziwani na ugomvi na wenye mamlaka.

Kazi kubwa ya utunzaji ni kukata. Mmea ukiachwa utoe maua mengi, nguvu huenda kwenye mbegu, majani yanakuwa madogo na shina linakuwa gumu kama kuni. Vishada vya maua vikatwe mapema, isipokuwa kwenye mashina mawili au matatu yanayoachwa kwa ajili ya mbegu na nyuki. Wakati wa kuvuna usikate hadi ardhini. Bakiza shina la urefu wa shibiri moja au zaidi lenye majani machache, nalo litachipua upya mvua ikiwapo.

Fedha iko kwenye kukausha

Harufu ya kivumbasi inatokana na mafuta yanayopeperuka. Kwa aina inayonukia karafuu, kiini cha mafuta hayo ni eujenoli, kitu kile kile kinachoipa karafuu ya Pemba thamani yake. Jua kali huyafukuza mafuta hayo. Anayetandaza majani yake barabarani juani anabaki na majani meusi yasiyo na harufu, na mnunuzi akiyanusa mara moja anaondoka.

Vuna asubuhi umande ukishakauka. Tandaza majani kwa tabaka jembamba juu ya chekeche au wavu ulioinuliwa, kivulini, penye upepo, na uyageuze kila siku. Yakivunjika kwa mlio yakikamatwa, yako tayari. Yakikunjika bado, yatapata ukungu ndani ya gunia. Yahifadhiwe mbali na sabuni, mafuta ya taa na samaki wakavu, kwani hunasa harufu ya jirani.

Hesabu ya uzito nayo ifahamike kabla ya kutaja bei. Sehemu kubwa ya jani bichi ni maji, takriban kilo nne katika kila tano. Mkulima mwenye kilo 20 za majani mabichi atabaki na kilo nne hivi za majani makavu. Anayeuza makavu kwa bei ya mabichi amejipunja mara tano, na mchuuzi anayetumia ujinga huo hatapata mzigo msimu ujao.

Nani atavuka mpaka

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, kufanya biashara na kutembea nchini. Anaweza kupanda gari hadi Mbarara na kuuza. Mpaka ni suala lingine. Anahitaji hati ya kusafiria, na kurudi katika nchi aliyoikimbia, hata kwa biashara ya siku mbili, kunaweza kumhatarisha na kuzua maswali kuhusu hadhi yake ya ukimbizi. Mwanamke wa Kirundi anaweza kuwajua vizuri watu wa kwao wanaopenda umwenya, na asiweze kuwafikia.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anahitajika. Mbarara iko njia panda: barabara ya Isingiro inateremka hadi Kikagati na kuvuka Mto Kagera kuingia Murongo, Tanzania, ya Ntungamo inafika Mirama Hills na Kagitumba, Rwanda, na njia ya magharibi inapita Kasese hadi Mpondwe na Kasindi, Kongo. Kongo ilipojiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mpaka huo nao ukawa mpaka wa ndani ya jumuiya.

Kwa mzigo mdogo kuna utaratibu rahisi wa biashara wa jumuiya. Bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupata cheti rahisi cha uasili katika ofisi ya forodha mpakani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha tu. Hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea. Majani makavu ni mazao ya mimea, kwa hiyo muulize mkaguzi wa Wizara ya Kilimo kabla ya kupakia, na uulize upande wa pili wanataka kibali gani.

Anayetaka kufunga pakiti zenye jina lake aanze na Shirika la Viwango la Uganda, UNBS. Chini ya sheria ya viwango ya jumuiya ya 2006, bidhaa yenye alama ya ubora ya nchi mwanachama inapaswa kutambuliwa katika nchi nyingine wanachama. Kwenye pakiti pasiandikwe kwamba chai hii inatibu malaria au presha. Mwenye homa aende kupimwa, na mjamzito amuulize mhudumu wa afya kabla ya kuinywa kwa wingi.

Andika pia jina la kitaalamu pamoja na majina ya kienyeji. Neno mrehani hutumika kwa mimea kadhaa, na Msomali akisikia rayxaan anaweza kufikiria ule wa majani laini wa kupikia. Mnunuzi akiagiza kwa jina moja na kupokea mmea mwingine, mzigo utarudi kwa gharama yako.

Walioanza kabla

Biashara ya mmea wa namna hii imewahi kujaribiwa jirani. Kandokando ya msitu wa Kakamega, Kenya, kikundi cha Muliru kililima ndugu wa kivumbasi, Ocimum kilimandscharicum, na kwa msaada wa kituo cha utafiti cha icipe wakakamua mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Ikweta. Watafiti wa icipe waliwahi pia kuchunguza kivumbasi chenyewe kama kinga ya nafaka dhidi ya wadudu wa ghalani, jambo ambalo wakulima wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wakilifanya kwa kuchanganya majani na mahindi.

Kakamega kulikuwa na kikundi kilichokusanya majani mahali pamoja, mtambo wa kukamua na mnunuzi anayejulikana. Nakivale inaweza kuanza na mambo mawili kati ya hayo, kikundi na mnunuzi. Wakulima 20 wanaokausha kwa namna moja wanaweza kujaza gunia linalostahili nauli ya kwenda Mbarara. Mmoja mmoja, kila mtu ana mfuko wa plastiki tu.

Kwa hiyo wewe unayepita Kabazana au Juru ukinunua maharage, usiwaambie watu wapande ekari nzima kwa maneno matupu. Beba nusu kilo ya sampuli iliyokaushwa kivulini, waonyeshe wauza chai wa Mbarara, Kigali au Bukoba, uliza wanataka kiasi gani na kwa bei gani kwa kilo kavu. Rudi na jibu hilo, zuri au baya. Wakulima watapanda kulingana na jibu lako, na mvua za Septemba hazingoji.