Je, Wajua Seva ya Barua Pepe Nayo Huombwa Barua ya Utambulisho?

Hamia mtaa wowote wa Musoma, kisha nenda benki ukafungue akaunti. Huenda ukaambiwa ulete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Huwezi kujiandikia, hata uwe na kompyuta na printa nyumbani. Anayeandika ni kiongozi wa mtaa ulikopanga. Seva ya barua pepe nayo hupitia hayohayo.

Seva yako inapobisha hodi Gmail, jina inalojitaja halitoshi. Gmail hutazama anwani ya IP, yaani namba hodi ilikotokea, kisha huuliza: namba hii ni ya nani? Jibu hukaa kwenye rekodi iitwayo PTR. DNS tuliyoizoea, yaani mfumo wa majina wa intaneti, hupewa jina ikatoa namba. PTR hupewa namba ikatoa jina.

Namba hiyo husomwa kinyumenyume. Tazama bahasha: S.L.P., Butiama, Mara, Tanzania. Imeanza na kidogo, ikaishia na nchi. Jina la kikoa liko vivyo hivyo: barua.mfano.or.tz. Lakini simu ya mezani ya Bunda huanza na 255 ya nchi, ikafuata 28 ya huku Kanda ya Ziwa, ndipo ije namba ya mwenyewe. Anwani ya IP imefuata mkondo wa simu, kwa hiyo ili iingie kwenye mfumo wa majina lazima igeuzwe: 192.0.2.25 inakuwa 25.2.0.192.in-addr.arpa. Neno arpa limebaki tangu enzi za ARPANET, babu wa intaneti aliyelelewa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani.

Sasa njoo kwenye kosa linalowapotezea mafundi siku nzima. Fundi amelipia kikoa chake cha .tz, anaingia kwenye akaunti ya kikoa, anaandika PTR, anasubiri mpaka kesho. Kimya. Jina ni lake, lakini namba amepanga! Namba zinazoanza na 41, kwa mfano, ziko chini ya AFRINIC, yenye makao Mauritius, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. AFRINIC huzigawa kwa kampuni za intaneti, nazo hukupangisha wewe. Mwenye namba ndiye mwenye kuandika PTR. Kama unatumia ruta ya laini ya simu, usihangaike: namba hiyo kwa kawaida mnaitumia wengi.

PTR ikishatoa jina, Gmail hugeuka na kuliuliza jina hilo namba yake. Zisipolingana, umeshikwa. Andika jina moja tu, lilelile ambalo seva hulitaja inaposalimia. Tangu Februari 2024 Google hudai PTR na namba zilingane hivyo kwa kila anayetuma barua kwenda Gmail, awe mkubwa au mdogo. Barua ya utambulisho haikupi mkopo, bila shaka. PTR nayo haitoshi peke yake: SPF au DKIM, rekodi nyingine za kumthibitisha mtumaji, bado utadaiwa.

Kwa hiyo kabla hujamlaumu karani wa Bunda kuwa hajibu barua zako, fungua kompyuta uandike host, ikifuatiwa na namba ya seva yako. Ukijibiwa NXDOMAIN, namba hiyo haina jina. Ipigie simu kampuni inayokupangisha, uwape namba na jina kamili la seva.