Kadi Moja, Kura 32,972

Mto wa Maji ya Chai una rangi ya jina lake. Simama darajani, kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha, utaona maji ya kahawia kama chai ya rangi iliyoongezwa maji ili watoto wote wapate. Rangi yenyewe haiumi. Kinachoumiza ni floraidi, nayo haionekani. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na ukitaka kujua maji ya huku yamekaaje mbele ya kipimo hicho, tazama meno ya mtu aliyekulia hapa akicheka. Ndiyo maana siasa za jimbo hili, Arumeru Mashariki, huanzia kwenye ndoo. Mimi sijamsikia mgombea aliyepanda jukwaa huku akashuka bila kuahidi maji.

Leo lakini nahesabu kitu kingine: mwanasiasa akibadili kadi, bili inakwenda kwa nani? Wenyewe wana maneno yao ya kuufunika mchezo huu. Wapo wanaorudi nyumbani, wapo wanaounga mkono juhudi, wapo waliosalitiwa, na wapo ambao jirani zao wanasema wamenunuliwa. Tuyaweke maneno pembeni, tushike tarakimu.

Tarehe 1 Aprili 2012 Arumeru Mashariki ilipiga kura katika uchaguzi mdogo, baada ya kifo cha mbunge wake, Jeremiah Sumari wa CCM, Januari mwaka huo. Kwenye daftari walikuwamo watu 127,455. Waliofika vituoni ni 60,699, chini kidogo ya nusu, na kura 661 ziliharibika. Joshua Nassari wa CHADEMA, kijana wa miaka ishirini na ushei ambaye Sumari alikuwa amemshinda 2010, alipata 32,972. Siyoi Sumari wa CCM, mtoto wa marehemu, alipata 26,757. Wagombea sita waliobaki waligawana kura 309, na wawili kati yao waliondoka na kura 18 kila mmoja, abiria wa Hiace moja tu, tena konda akiwa mwenye huruma.

Tofauti ya wawili wa juu ni kura 6,215. Kwa kura hizo CHADEMA ilirusha chopa juu ya migomba, na CCM ikamleta Rais mstaafu Benjamin Mkapa kufungua kampeni.

Ili jina liwekwe kwenye karatasi, sheria ilimtaka mgombea ubunge aweke dhamana ya shilingi 50,000. Hapo ndipo mahali rahisi kuliko pote. Kanuni za gharama za uchaguzi za 2010 zilimwekea mgombea ubunge kikomo cha kati ya milioni 30 na milioni 80, kulingana na ukubwa wa jimbo. Tuchukue kile cha juu. Milioni 80 ukizigawa kwa kura 32,972 unapata shilingi 2,426 kwa kila kura. Hiyo ni kwenye karatasi. Chopa haijui kikomo, na aliyeiona ikitua hapa hakuhitaji mhasibu wa kumweleza.

Upande wa serikali ni mzito zaidi. Tuseme kituo kimoja kinabeba watu 450. Majina 127,455 yanataka vituo 284 hivi. Kila kituo kina msimamizi na wasaidizi wawili: watu 852 wa kufundishwa, kulishwa na kulipwa. Kila kituo kinataka askari, masanduku, wino, taa ya kuhesabia usiku, na gari la kurudisha masanduku kutoka vilima ambavyo Aprili, mvua zikikolea, hata pikipiki huvisalimu tu na kugeuka. Chama nacho kinataka wakala kila kituo. Mpe kila wakala shilingi 10,000 ya nauli na chakula, kiasi ambacho akikipokea atakununia hadi jioni, na chama kimoja kimeshatumia 2,840,000 kwa siku moja, kabla ya mabango, kabla ya mafuta, kabla ya spika. Hesabu hii ya vituo na mawakala ni yangu, ya peni na daftari. Lakini ipunguze hata kwa robo, bado utakuwa na mamia ya watu wanaofanya kazi kwa sababu kiti kimoja kiko wazi.

Arumeru kiti kiliachwa wazi na kifo, na hakuna wa kulaumiwa. Bili inauma pale kiti kinapoachwa wazi na mtu aliye hai, mwenye afya, anayekitaka kiti hicho hicho tena.

Katiba yetu, ibara ya 71, inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini anapoteza ubunge. Si kila nchi iko hivyo. Kule Scotland, Oktoba 2023, Lisa Cameron alikihama chama cha SNP akaingia kwa Conservative, na Ash Regan akakihama hicho hicho akaingia Alba. Cameron aliendelea kuwa mbunge katika bunge la London hadi uchaguzi wa Julai 2024. Regan alibaki na kiti chake katika bunge la Edinburgh. Hakuna kituo kilichofunguliwa wala wino ulionunuliwa. Hasira za wapigakura wao zilisubiri uchaguzi mkuu.

Afrika Mashariki tulichagua njia nyingine mapema. Mwaka 1966, Oginga Odinga na wenzake walipotoka KANU na kuunda KPU, Kenya ilibadili katiba haraka ili aliyehama arudi kwa wapigakura. Viti 29 vikapigiwa kura, KPU ikaambulia 9. Kwa maneno hoja ni nzuri: kura walimpa mtu pamoja na chama, basi akiacha kimoja arudi kuomba upya. Kwa fedha, hoja hiyo ina maana kwamba anayehama anabeba begi na aliyemchagua anabeba gharama.

Kati ya mwishoni mwa 2017 na mwishoni mwa 2018 Tanzania iliijaribu hesabu hiyo kwa wingi. Nikihesabu kwa vidole wabunge waliotoka CHADEMA na CUF kwenda CCM, wakaacha viti vyao na kisha kuvigombea tena kwa kadi mpya, vidole vyote kumi vinaisha: Kinondoni, Siha, Monduli, Ukonga, Liwale, Temeke, Simanjiro, Babati Mjini, Ukerewe, Serengeti. Wote kumi walirudi bungeni. Baadhi yao, kama wa Temeke, Simanjiro na Babati Mjini, hawakupata hata mpinzani. Upande wa pili, Lazaro Nyalandu wa Singida Kaskazini aliacha ubunge wa CCM Oktoba 2017 akaenda CHADEMA, na kiti hakukiona tena.

Monduli ni jirani yetu, basi tuitazame kwa karibu. Mwaka 2015 Julius Kalanga alishinda kwa tiketi ya CHADEMA akiwa na kura elfu 35 na kitu. Julai 2018 akahamia CCM. Tarehe 16 Septemba, wiki saba hivi baadaye, alikuwa mbunge tena, safari hii kwa zaidi ya kura elfu 65, na mgombea wa CHADEMA akabaki na elfu tatu na kidogo. Mtu ni yule yule, jimbo lile lile, ng'ombe wale wale. Kilichoongezeka ni kura elfu 30, pamoja na bili ya uchaguzi mzima wa kumrudisha mtu ofisini alikotoka. Kila mtu na asome tarakimu hizo anavyoona. Mimi ninavyoona, jimbo halibadili moyo kwa kiasi hicho ndani ya wiki saba.

Ipo gharama isiyoandikwa kwenye vitabu vya hazina. Tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya Kinondoni kupiga kura, polisi walikuwa wakiwatawanya wafuasi wa CHADEMA waliokuwa wakidai barua za mawakala wao. Ndiyo, mawakala wale wale wa elfu kumi kumi. Risasi ikampata Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, akiwa ndani ya daladala. Uchaguzi ule ulikuwapo kwa sababu mbunge wa Kinondoni alikuwa amebadili kadi. Hapo sina cha kugawa wala kuzidisha.

Turudi Meru. Mwaka 2017 madiwani wa CHADEMA huku walianza kujiuzulu mmoja baada ya mwingine. Mwanzoni mwa Oktoba Nassari, akiwa na Godbless Lema wa Arusha Mjini, alipeleka TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, picha za video zilizorekodiwa kwa siri, akidai zinaonyesha madiwani wakinunuliwa. Taasisi ilizipokea, kisha mkurugenzi wake akalalamika kwamba suala linafanywa la kisiasa. Tarehe 26 Novemba 2017 kata 43 nchini zilipiga kura, zikiwamo Makiba, Leguruki na Ambureni za huku kwetu. CCM ilichukua 42. CHADEMA ilibaki na moja, Ibighi, kule Rungwe. Dhamana ya kugombea udiwani ilikuwa shilingi 5,000, bei ya mkungu mdogo wa ndizi ukiwa na bahati sokoni Tengeru.

Halafu ikaja zamu ya Nassari mwenyewe, na hapa hesabu inageuka kichwa chini. Alikuwa amerudi bungeni 2015. Tarehe 14 Machi 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kiti cha Arumeru Mashariki kiko wazi, si kwa kuhama, bali kwa kukosa mikutano mitatu mfululizo ya Bunge: wa Septemba 2018, wa Novemba, na ule wa mwishoni mwa Januari 2019. Nassari alijitetea kwamba alikuwa Marekani na mkewe aliyekuwa akijifungua. Akaenda Mahakama Kuu Dodoma, akashindwa. Uchaguzi mdogo ukapangwa Mei 19. Haukufanyika. John Pallangyo wa CCM alipita bila kupingwa.

Kwa hazina huo ndio uchaguzi wa bei poa kuliko wote: hakuna vituo 284, hakuna wasimamizi, hakuna wino. Mwaka 2012 jimbo lilimpata mbunge kwa kura 32,972. Mwaka 2019 lilimpata mbunge kwa kura 0. Mwananchi wa Maji ya Chai aliyekuwa na kadi ya mpigakura mfukoni aliokoa shilingi za serikali bila kuulizwa kama anataka kuziokoa.

Mwaka 2020 Nassari akaingia CCM. Na kuhama kwake, tofauti na kwa Kalanga, hakukumgharimu mlipakodi hata senti moja, maana alihama akiwa hana kiti cha kupoteza. Sheria ya kumwadhibu anayehama ilimkuta mikono mitupu.

Kabla yake kulikuwa na mkubwa zaidi. Edward Lowassa wa Monduli, Waziri Mkuu aliyejiuzulu Februari 2008, alikuwa baba mkwe wa Siyoi, yule Nassari aliyemshinda 2012. Julai 28, 2015 Lowassa akaingia CHADEMA, na miezi mitatu baadaye yeye na Nassari wakawa kwenye tiketi moja, Lowassa akivuna kura 6,072,848 za urais, asilimia 40 hivi. Kwa kuwa hakuwa mbunge tena, aliporudi CCM Machi 1, 2019 hapakuwa na kiti cha kutangazwa wazi. Kura milioni 6 hazikuwa na pa kwenda kudai. Siku 13 baadaye kiti cha Nassari kikatangazwa wazi.

Na usidhani ibara ya 71 hukata kwa makali yale yale kila siku. Julai 2017 CUF upande wa Profesa Lipumba iliwafukuza wabunge wanane wa viti maalumu, na ndani ya siku chache Spika akasema viti viko wazi. Novemba 27, 2020 CHADEMA iliwafukuza wanawake 19 walioapishwa siku tatu kabla kuwa wabunge wa viti maalumu, na rufaa yao chamani ikagonga mwamba Mei 2022. Kesi ikaenda mahakamani, na wenyewe wakabaki bungeni hadi Bunge lile lilipofikia mwisho wake 2025. Katiba moja, ibara moja: wanane kwa siku, kumi na tisa kwa miaka mitano.

Mmoja wa hao 19 ni Ester Bulaya, ambaye 2015 alitoka CCM akaenda CHADEMA na kumwangusha Stephen Wasira katika jimbo la Bunda Mjini. Wasira naye 1995 alikuwa ametoka CCM akaingia NCCR-Mageuzi, akamshinda Waziri Mkuu wa zamani Joseph Warioba, mahakama ikaja kuutengua ushindi huo, na baadaye akarudi CCM. Januari 2025 akawa makamu mwenyekiti wa chama hicho, Bara. Bunda wanawajua wahamaji kwa majina.

Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliteua wakuu wa wilaya. Bunda alipelekwa Joshua Nassari. Mkuu wa wilaya hapigiwi kura.