Mzizi wa munkoyo na asidi ya mgodini

Uji mzito wa mahindi ukishapoa kiasi, ukatiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa, haukawii kulegea. Hata kabla haujachacha na kuwa kinywaji, nacho huitwa munkoyo, unakuwa mwepesi na mtamu, na hakuna aliyetia sukari. Akina mama wanaoupika Kolwezi, jimboni Lualaba, wana sharti moja: mizizi haitiwi uji ukichemka.

Wanga ni mnyororo mrefu wa sukari. Mzizi una kimeng'enya kiitwacho amilasi, kinachoukata mnyororo huo vipande vipande bila chenyewe kupungua. Kitu cha namna hiyo ni kichocheo. Lakini amilasi ni protini. Ikichemshwa huharibika, kama ute wa yai unavyoganda, isikate tena.

Kazi hiyohiyo huweza kufanywa na asidi ya salfuriki, ambayo Lualaba tunaijua kwa mengine. Sehemu ya salfa yake huja kwa reli kutoka bandari ya Lobito, Angola, ikavuka mpaka wa nchi pale Dilolo, halafu viwanda vikaigeuza asidi. Mwaka 1811, mjini St Petersburg, mkemia Gottlieb Kirchhoff alichemsha wanga ndani ya asidi hiyo iliyozimuliwa kwa maji. Alipata sukari, na asidi ikabaki ilivyokuwa. Mwaka 1835 Jöns Jacob Berzelius wa Sweden aliikusanya mifano ya aina hiyo akaipa jina: katalisisi. (Asidi ilihitaji moto mkali, munkoyo huridhika na uvuguvugu.)

Migodini, hata hivyo, asidi si kichocheo. Ikikutana na malakaiti, lile jiwe la kijani, huitoa shaba ikawa maji ya buluu, nayo asidi yenyewe ikaliwa. Ndiyo sababu lazima iletwe nyingine kila siku.

Asidi ikiwa kali haina upole wa ile ya Kirchhoff: huivua sukari maji yote hadi yabaki makaa meusi, na ngozi ya mtu huiunguza vibaya. Ikikumwagikia, vua nguo zilizolowa mara moja, jimwagie maji mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 20, kisha uende hospitali. Na bidoni lililobeba asidi au kemikali nyingine ya mgodi lisitiwe munkoyo, hata lisuguliwe vipi. Plastiki hushika mabaki ambayo pua haiyanusi, na kinywaji kichachu hulala humo usiku kucha.